Nauli ya Kurudi

Leo nataka tuzungumze habari za manamba, wale waliosafirishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya mkonge enzi za ukoloni. Kwa kawaida habari hizi husimuliwa kuanzia Tanga, kwenye mashamba na makambi. Mimi nitazianzia huku bara walikotoka watu, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya gharama ya mkonge ule ililipwa huku, na waliolipa zaidi hawakuwahi hata kushika jani lake. Walikuwa wake, wazee na watoto waliobaki nyumbani.

Sisi wa Kizota, hapa Dodoma, tunaishi katikati ya mambo mawili ya historia hii. Tunayo maghala ya nafaka ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yale ambayo malori huyapangia foleni msimu wa mavuno. Tunayo pia reli ya kati, ile ya zamani, inayopita ikielekea Bahi, Manyoni na Tabora. Chakula na reli. Katika Ugogo ya mkoloni, yaani nchi hii ya Wagogo, chakula kilipokwisha, reli ndiyo iliyoondoka na watu.

Mnaijua mvua yetu. Inakuja mara moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, wastani wake milimita 500 na ushei, na kuna mwaka inanyesha yote ndani ya wiki chache kisha inatuaga. Wazee wetu walijipanga kwa hali hiyo. Walilima uwele na mtama, mazao yanayovumilia jua. Ng'ombe hawakuwekwa zizi moja. Waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame ukipiga huku, wengine wasalimike kule. Mwaka mbaya ukiingia, mbuzi alipelekwa kwa jamaa waliovuna, nafaka ikarudi. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo ikitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, na kununua maji na chakula. Sisemi maisha yale yalikuwa peponi. Njaa zilikuwepo na watu walikufa. Lakini mtu mwenye ng'ombe na jamaa hakuwa na sababu ya kutembea majuma mazima aende kumkatia mgeni mkonge. Ili aende, kwanza ilibidi ng'ombe, nafaka na jamaa hao viguswe.

Mkonge wenyewe nao ni mhamiaji. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yetu ya mkonge yalianzia kwenye miche hiyo. Lakini Florida nako ulipelekwa tu. Asili yake ni Mexico, na dunia inauita kwa jina la bandari ya Sisal, katika rasi ya Yucatán. Nchi ile ilitawaliwa na Hispania kwa miaka 300 hadi 1821. Naomba tufike huko kwanza, kwa sababu namna za kumng'oa mwenyeji kijijini kwake na kumfikisha kwenye shamba la tajiri zilikomaa huko mapema mno.

Chukueni Peru. Miaka ya 1570 mwakilishi wa mfalme wa Hispania, Francisco de Toledo, alipanga zamu iliyoitwa mita. Majimbo yaliyoteuliwa yalitakiwa kila mwaka kutoa takriban mwanaume mmoja kati ya kila saba waende kwenye machimbo ya fedha ya Potosí, mlimani, zaidi ya futi 13,000 juu ya usawa wa bahari. Wengi walikwenda na wake na watoto wao. Wengi pia walitoroka. Na sikilizeni vizuri walitorokea wapi. Aliyehama kijiji chake na kujificha katika kijiji cha wengine alihesabiwa kuwa mgeni, na kwa muda mrefu wageni hawakuingizwa kwenye zamu. Kwa hiyo watu waliacha mashamba ya baba zao wakawa wageni ugenini, na Wahispania wenye mashamba makubwa, yale waliyoyaita hacienda, wakawapokea, wakawapa kijishamba na kazi isiyokwisha. Ukisoma daftari la mwenye shamba utaona mtu huyu alikuja kwa miguu yake, hakuna aliyemfunga kamba. Ndivyo daftari linavyosema. Zamu iliyokuwa ikimkimbiza haimo katika daftari hilo.

Hispania ilipoondoka, hacienda zilibaki. Kule Yucatán biashara ya nyuzi ilipopamba moto mwishoni mwa karne ya 19, Wamaya walifungwa na deni: mtu anakopeshwa dukani kwa bwana, deni halimaliziki, na mtu haruhusiwi kuondoka na deni. Kazi ilipozidi watu, serikali ya Mexico yenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20, iliwakamata Wayaqui kutoka Sonora, kaskazini ya mbali, ikawapeleka Yucatán kukata majani ya mmea wa jamii ya mkonge. Bendera ilikuwa imebadilika karibu miaka 90 nyuma.

Sasa turudi kwetu. Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Fedha waliitaka, lakini walitaka pia mtu atoke nyumbani akaitafute, na mahali pa kuipata palikuwa kwa mwenye shamba. Usambara walikwenda mbali zaidi: kuanzia 1907 mwanaume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Siku ile reli ilipofika hapa, umbali kati ya zizi la Mgogo na shamba la Mzungu ulipungua kuliko ulivyopata kupungua tangu dunia iumbwe.

Hata hivyo Wagogo hawakukimbilia mashambani. Bado walikuwa na ng'ombe, na kodi mtu aliweza kuilipa kwa kuuza dume moja. Kilichovunja mambo ni vita.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Ugogo ilikuwa njiani. Wajerumani walichukua nafaka, wakachukua ng'ombe wa kulisha askari, wakachukua vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer likaingia Dodoma, nalo likachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Ugogo ilitozwa na pande zote mbili za vita isiyokuwa yake. Kisha mvua zikakatika. Njaa iliyofuata, ya kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa makini, ameandika kwamba watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 wa eneo hili. Mmoja katika kila watano. Fikiria kaya yenu ya watu kumi, chagua wawili. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1918, homa ya mafua iliyozunguka dunia ikapita nayo.

Nawaomba tusiukubali upesi usemi kwamba Mtunya ilikuwa ukame. Ukame Ugogo haukuwa mgeni. Safari hii ulikuta ghala limekwisha kufagiliwa. Ng'ombe waliokuwa akiba walikuwa wameliwa na majeshi. Vijana ambao wangetumwa mbali kutafuta nafaka walikuwa wamepotelea kwenye misafara ya wapagazi, na wengi hawakurudi. Ule undugu uliokuwa ukiokoa watu, wa huyu kumpelekea yule, ulikosa nguvu kwa sababu kila nyumba ilikuwa mikono mitupu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo watu walipoifuata reli: wengine Dodoma mjini, wengine Kilosa na mashamba ya huko. Hakuhitajika wakala wa kuandikisha watu. Njaa ndiyo iliyoandikisha.

Baada ya Mtunya, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Kila mwaka mbaya ulipokuja, na ilikuja mingi, watu walielekea mashariki, wakirudi mvua inapokaa sawa. Mgogo alipokataa kwenda katika mwaka wa mavuno mazuri, akabaki na mifugo yake, wakubwa walimwita mvivu. Ajabu ya mvivu huyo ni kwamba alikuwa akilima uwele kwenye ardhi ambayo wengine wasingeweza kuvuna hata debe moja.

Utawala wa Kiingereza ulikuwa na kikwazo kimoja. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na mkataba wake ulikataza kazi za lazima, isipokuwa kazi muhimu za umma na kwa malipo. Kwa hiyo lazima ikapitia mlango wa kodi. Nchi nayo ikagawanyika taratibu. Kilimanjaro na Bukoba walipata kahawa, wakalipia kodi nyumbani. Kigoma, Songea, Njombe na Jimbo letu la Kati vikawa sehemu za kutoa watu: Waha, Wangoni, Wabena, Wanyaturu, Wagogo. Wapo pia waliovuka mpaka kutoka Urundi na Ruanda wakikimbia kazi za lazima za Wabelgiji, kama wale wa Peru waliokimbia zamu. Nao waliandikwa kuwa wamekuja wenyewe.

Sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa jinai. Mtu aliyeacha shamba kabla ya mkataba kwisha hakushtakiwa kama mdaiwa. Alishtakiwa kama mhalifu. Kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Siku 30 hizo hazikuwa mwezi wa kalenda. Zilikuwa siku ulizokamilisha kazi uliyopangiwa, na ulitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Ukiumwa, siku haikuhesabiwa. Ukishindwa kufikisha idadi ya mafungu, nyapara hakutia alama. Majani yalifungwa thelathini thelathini, yakabebwa hadi kwenye reli ndogo ya shamba, yakapelekwa kwenye mashine, ile waliyoiita korona, ikayasaga na kuacha singa. Ncha ya jani ni mwiba wa kutoboa jicho, maji yake yanawasha ngozi, na korona haikutofautisha jani na mkono. Posho ilikuwa unga wa mahindi, na mtu aliyezoea ugali wa uwele na mlenda na maziwa alikonda kabla hajaugua.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta leo. Mshahara wa manamba ulipigwa hesabu ya mtu mmoja. Mtu asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na mzazi wa kumtunza, na asiyezeeka. Kila mtu alijua kwamba mtu wa namna hiyo hayupo. Ana mke, na mke huyo yuko Mvumi au Kintinku akilima peke yake, akichunga, akikamua, akilea. Mtoto akilia njaa, mwenye shamba hadaiwi kitu. Mume akirudi na kifua kibovu, anauguzwa nyumbani kwa dawa na maziwa ya nyumbani. Akizeeka, anatunzwa na wanawe. Ukiondoa kazi hiyo yote ya nyumbani, mshahara ule usingeweza kumweka mtu hai kizazi kimoja, acha viwili. Mama aliyekuwa akipalilia uwele Mvumi alikuwa akimpunguzia gharama mwenye shamba wa Kilosa, na huyo wa Kilosa alikuwa akimpunguzia gharama mnunuzi wa kamba Ulaya. Jina la mama yule halimo katika hesabu za kampuni yoyote.

Na tazameni kilichotokea nyumbani. Nguvu za vijana zikiondoka miezi ya kilimo, eneo linalolimwa linapungua. Likipungua, ghala halijai. Ghala lisipojaa, mvua ikipungua kidogo tu ni njaa. Njaa ikija, vijana wanaondoka tena. Mkoloni aliyeandika kwamba Ugogo ni nchi ya njaa alikuwa akiandika pia matokeo ya kazi yake.

Vita ya Pili ilirudisha lazima waziwazi. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java, mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha kufia, maana meli za vita zinahitaji kamba. Serikali ikaandikisha watu kwa nguvu ya sheria na kuwapeleka kwenye mashamba ya watu binafsi, na Jimbo la Kati lilikuwa miongoni mwa yaliyotoa watu, katika miaka hiyo hiyo ya ukame. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha watumishi, iliyojulikana kama SILABU. Mawakala wake walizunguka vijijini, watu wakapimwa, wakasafirishwa kwa treni na malori wakilala makambi ya njiani. Kabla ya hapo wengi walitembea. Kutoka Kigoma hadi Tanga kwa miguu, msikilizaji, si safari ya kuisema kwa mdomo mmoja. Reli ya kati na reli ya Tanga zenyewe hazikuunganishwa hadi 1963, kipande cha Ruvu hadi Mruazi kilipokamilika.

Jambo moja la SILABU naomba mliweke kichwani: mtu aliyekwenda kwa mkataba alilipiwa nauli ya kwenda, na mkataba ulipokwisha, alilipiwa nauli ya kurudi. Nitalirudia baada ya muda mfupi.

Mara moja tu kazi ilitujia huku. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Matrekta yakaja, reli ikachepushwa kutoka Msagali, maelfu ya watu wakaajiriwa, na wenye mashamba ya mkonge wakanung'unika kwamba wananyang'anywa watumishi. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, na mvua yake mnaijua. Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Mgogo yeyote wa umri wa kuchunga ndama angewaambia habari za mvua ile bila malipo.

Huko kwenye mkonge, wafanyakazi walijenga chama chenye nguvu miaka ya mwisho ya 1950, wakagoma, mishahara ikapanda. Kiongozi wao Victor Mkello alipelekwa kizuizini Sumbawanga Januari 1963, na serikali iliyompeleka ilikuwa yetu wenyewe, ya uhuru. Hilo linaniuma na sioni sababu ya kulipita kimya. Oktoba 1967 mashamba mengi yakataifishwa, lakini nyuzi za plastiki zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni na bei ikaanguka. Maelfu ya wazee kutoka bara walibaki Tanga na Morogoro, bila nauli na bila wa kumrudia. Wajukuu wao wapo mpaka leo, wengine wakijitaja kwa makabila ya mikoa ambayo hawajawahi kuiona.

Nimesema nitarudi kwenye nauli. Leo hakuna wakala wa mkonge anayepita Ugogo. Wanapita madalali wa wasichana wa kazi. Mwaka mvua ikikatika, kama tunavyojua wenyewe, simu huanza kulia vijijini Bahi, Chamwino, Manyoni, hadi Singida: kuna nyumba Dar es Salaam inatafuta binti. Mzazi anaangalia ghala, anaangalia mtoto. Binti anapandishwa basi. Nani anayeandika jina lake? Nani anajua nyumba anayokwenda? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Lakini mjini mshahara wa binti huyu bado unapigwa hesabu ile ile ya mtu asiye na mama, asiye na wadogo zake, asiyeugua. Akiugua anarudishwa kwetu, na mara nyingi nauli anaitafuta mwenyewe, au anaachwa stendi. Yule wakala wa enzi za ukoloni, aliyekuja kutafuta nguvu kazi ya bei rahisi, alikuwa na wajibu wa kumrudisha mtu. Dalali wa leo hana.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenyeviti wa vijiji na mitaa, na kwa watendaji wetu, kabla msimu huu haujatupa majibu yake. Binti au kijana anapochukuliwa kwenda kazi mjini, dalali afike ofisini kwenu na mzazi awepo. Yaandikwe majina, umri, jina la mwajiri na simu yake, mtaa wa nyumba, mshahara na siku ya kulipwa. Na nauli ya kurudi ilipwe hapo hapo, ikabidhiwe mzazi mbele ya shahidi, kabla basi halijaondoka.